Jino la Mjomba

Katika idara yetu ya meno, chuo kinakupa kiti, taa, maji, vifaa na profesa wa kukukaripia. Mdomo unautafuta mwenyewe.

Huo ndio utaratibu wa mwaka wa mwisho, na hakuna aliyewahi kunieleza nani aliuanzisha ili nipate wa kumlaani. Anayefanya mtihani wa vitendo lazima aje na mgonjwa wake, na mgonjwa huyo awe na tundu kwenye jino la nyuma, upande ule linapogusana na jino jirani. Tundu lisiwe dogo sana, maana hapo hakuna kazi ya kukupima. Lisiwe kubwa sana likafika kwenye mshipa, maana hiyo ni kazi nyingine kabisa. Na jirani yake awepo, asiwe ameng'olewa. Watu wenye meno mabovu wamejaa duniani, lakini mwenye tundu la namna hiyo, aliye tayari kukaa mdomo wazi asubuhi nzima huku mwanafunzi akitetemeka juu yake, ni adimu kuliko mchumba mwema.

Miaka ya mwanzo tulijifunzia kwenye kichwa cha plastiki tulichokiita Mzee Mtulivu. Mzee Mtulivu hatemi mate, hakohoi, na ukimchoma shavu kwa bahati mbaya anaendelea kutazama dari. Kwa Mzee Mtulivu nilikuwa hodari sana. Kisha wakatupeleka kwa watu wenye uhai, nikakutana na ulimi. Hakuna kitabu kinachokuandaa kwa ulimi wa mtu mwingine. Ukiusukuma kushoto unarudi kulia, ukiuzuia kwa kioo unapita chini, kila unachofanya unataka kuja kuona, kama wifi aliyekuja kutembea na hana mpango wa kuondoka.

Tulipoanza kutafuta wagonjwa tuliharibika tabia. Mtu akicheka mbele yangu sikuuliza kinachochekesha, niliinama kidogo nione meno ya nyuma. Nilisimulia vichekesho kwa watu nisiowajua kwenye foleni ya benki. Kulikuwa na kijana mmoja, fundi wa lifti, mpole, mtu wa watu. Siku moja alinikalisha chini akanieleza kwa kirefu mipango aliyokuwa nayo juu ya maisha yetu. Nilimtazama kwa makini mno, na yeye akadhani ni mapenzi. Alipomaliza nikamwambia jino lake la chini kushoto, la pili kutoka mwisho, lina dalili nzuri, na je, mwezi ujao angekuwa na nafasi? Hakupiga simu tena. Sitaki kusema uongo, kilichoniuma zaidi ni lile jino.

Mjomba nilimpata nyumbani, bila kutafuta. Ni mdogo wake mama, na kazi yake ni kupiga mnada wa vitu vilivyotumika: makabati, feni, majokofu yanayoguruma, viti vyenye miguu mitatu na nusu. Ana sauti ya kumfikia mtu aliyeko barabara ya pili, na ana sifa moja ambayo ukoo mzima unaijua: hafiki. Ukimwalika harusini atasema yuko njiani, na ndoa itafungwa, watu watakula, viti vitakusanywa, yeye bado yuko njiani. Mama husema mdogo wake huyo yuko njiani tangu wakiwa watoto.

Jumapili hiyo, kwa miujiza, alifika. Akasimulia habari ya mteja aliyenunua kabati akakuta ndani yake suti yake mwenyewe, iliyoibwa mwaka uliopita, kisha akacheka mwenyewe, kichwa nyuma, mdomo wazi mpaka kooni. Mimi nikasimama. Nikamwambia asifunge. Nikawasha taa ya simu nikaingia humo nusu uso, na hapo, chini kulia, nikaliona. Lilikuwa mahali pake, saizi yake, na jirani yake amesimama wima. Nilimwambia kwa moyo wangu wote kwamba ana tundu zuri ajabu.

Mjomba alijigusa shavu. Muda mrefu ulikuwa umepita bila mtu yeyote katika familia yetu kumwambia kwamba ana kitu kizuri. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, na kwamba shahada yangu imo ndani ya jino lile. Mama, akikusanya sahani, akauliza kama hakuna mtu mwingine mwenye jino bovu anayejua kusoma saa.

Nilimpeleka idarani akaguliwe. Profesa wetu ni mtu mfupi asiyepandisha sauti; akichukizwa huvua miwani akaifuta, na darasa zima hupata baridi. Alimwangalia Mjomba, akatazama picha ya jino, hakugusa miwani. Akasema mgonjwa anafaa, nimtunze mpaka siku ya mtihani. Nikatoka pale naelea.

Basi nikamtunza kama yai. Kila asubuhi nilimpigia simu kumuuliza jino limeamkaje, kisha, kwa adabu, nikauliza na yeye ameamkaje. Ilibidi. Darasani kwetu kulikuwa na kijana tuliyemwita Kunguru kwa sababu ya kunyakua wagonjwa wa wenzake, na alikuwa ameonekana mnadani kwa Mjomba akijifanya anapima droo za kabati. Nilikwenda hukohuko nikamwondoa kwa maneno ambayo mwanamke aliyesoma hayasemi hadharani. Wateja walidhani tunagombania kabati, bei ikapanda, Mjomba akafurahi sana.

Wiki hiyohiyo Kunguru alipata mgonjwa wake, akamleta akaguliwe, akakataliwa. Tundu lilikuwa dogo. Niliporudi nyumbani nilimsimulia mama nikiwa na raha isiyo na aibu hata kidogo. Nilisema wamemrudisha na mgonjwa wake, tundu lenyewe kama limetobolewa na sindano, anakuja na kitu kidogo vile anategemea nini? Mjomba alikuwa upande wa pili wa meza akila. Hakusema neno. Ukimya wa Mjomba si kitu cha kawaida, ningeshtuka, lakini nilikuwa nashughulika na kumcheka Kunguru.

Baada ya hapo akawa mgumu kuonekana. Kwenye simu alisema jino halijambo, linaendelea vizuri sana, nisiwe na wasiwasi. Nilipotaka nije nilione akasema tusubiri siku yenyewe. Mimi nilichoogopa ni kimoja tu: kwamba siku ya mtihani atakuwa njiani.

Asubuhi ya mtihani ikafika. Nilifika idarani mapema, roho mkononi, na mtu wa kwanza niliyemwona kwenye benchi la korido, kabla hata wafagiaji hawajamaliza, ni Mjomba. Amevaa suti. Amepaka viatu rangi. Karibu nilie kwa furaha. Kisha akageuka, nikaona shavu lake la kulia limevimba, limetangulia mbele ya uso wote.

"Mpwa wangu," akasema kwa pembe ya mdomo, "leo utapata maksi zote."

Profesa alimweka kitini, akawasha taa, akatazama. Akagonga jino kidogo kwa mpini wa kioo, Mjomba akainuka kitini mzima mzima kisha akajirudisha akisema haumii. Wakapiga picha mpya. Profesa akaitazama kwa muda, halafu akavua miwani akaanza kuifuta.

"Tundu limefika kwenye mshipa," akasema. "Huyu si mgonjwa wa mtihani tena. Sasa ni mgonjwa."

Akanieleza taratibu, kama anavyoeleza kila kitu, kwamba viti vya mtihani vinafungwa adhuhuri. Nikileta mgonjwa mwingine anayefaa kabla ya hapo, nitafanya. Nisipoleta, narudia mwaka. Na huyu niliyenaye aandikishwe foleni ya dharura. Akaenda kwa mwanafunzi mwingine.

Nikamvuta Mjomba koridoni. Nikamuuliza amefanya nini. Akaanza kunieleza, tena kwa fahari, akidhani Profesa amekosa kuelewa. Kumbe tangu siku ile ya habari za Kunguru alikuwa analala na pipi shavuni, upande wa kulia. Chai aliweka sukari mpaka kijiko kisimame, akaizungusha upande huohuo kabla ya kumeza. Jioni akikaa alilichokonoa kwa njiti, kidogo kidogo, kulifungulia njia. Yule mwenzangu walimkataa kwa udogo wa tundu, akasema, naye akaapa kwamba sisi hatutakataliwa.

Damu ilinichemka. Nilimwambia mbele za watu kwamba miaka yote hii nimesoma, mama ameuza mpaka cherehani, na yeye ameimaliza yote kwa pipi. Nilimwambia safari zote ambazo hakufika ilikuwa afadhali, na leo ndiyo siku ambayo angebaki njiani. Nilisema na mengine. Aliketi benchini na suti yake, akashika shavu, akatazama viatu vyake vilivyong'arishwa, nami nikaanza kupita kwa watu waliokuwa wanasubiri kliniki ya kawaida, nikiwaomba wafungue midomo kama askari anayekagua mizigo.

Hakuna aliyefaa. Mmoja tundu lilikuwa kubwa la kuficha njugu. Mwingine jirani wa jino ameng'olewa. Bibi mmoja akasema yeye hana hata jino moja lakini kama ni kusaidia yuko tayari. Nikajiegemeza ukutani, machozi yananilenga, nikaanza kutunga nitakavyomwambia mama.

Hapo nikasikia benchi linalia. Mjomba alikuwa amepanda juu yake.

"Mabibi na mabwana," akaanza, kwa ile sauti ya mnadani, ila inatokea upande mmoja tu wa mdomo. "Leo siuzi. Siku zote nauza, leo nanunua. Nanunua tundu. Moja tu, dogo, la heshima, lililokaa katikati ya meno mawili yasiyogombana. Mwenye nalo ainue mkono. Atazibiwa bure na daktari wa kike, mikono yake mizuri, hasira zake mmeziona wenyewe."

Korido ikacheka. Akaendelea. Akatangaza kwamba anaanza na tundu dogo, nani ana dogo zaidi, mzee pale nyuma usifunge mdomo nimekuona, wewe mama lako ni ghorofa siwezi kulimudu. Watu wakaanza kuonyeshana meno. Mzee mmoja na mkewe wakagombana kuhusu nani kati yao ana jino baya. Bibi asiye na meno akawa anampigia makofi. Mjomba kila baada ya sentensi alisimama kidogo, akafumba macho, akameza mate, kisha akaendelea kwa sauti kubwa zaidi, na mimi nikadhani ni ufundi wa kazi.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa, akatoka Mama Mihuri.

Huyo ni katibu muhtasi wa idara, tulimwita hivyo kwa sababu mihuri yote iko kwenye droo yake na haitoki bila yeye kukuangalia kutoka juu hadi chini. Alikuja kutuliza kelele. Akaanza kusema kwamba hapa ni chuo, si sokoni. Mjomba akamgeukia, akainama kwa heshima juu ya benchi, akasema dada huyu amevaa vizuri na amekuja na hasira, hiyo ndiyo dalili ya mnunuzi mwenye nia. Mama Mihuri alijitahidi. Alibana midomo. Kisha kikamtoka kicheko cha ghafla, kikubwa, kabla mkono haujafika mdomoni kuziba, kama alivyozoea kufanya.

Nikaliona. Juu kushoto, kivuli cha kahawia kati ya meno mawili, kinapendeza hata kuandikwa kitabuni.

Nilimfuata mpaka ofisini nikamwomba nimwangalie. Akakataa katakata. Akasema ameketi karibu na kliniki hii tangu sisi hatujavaa viatu vya shule, ukuta wenyewe mwembamba, na kila mlio wa mashine na kila kilio anakisikia akiwa kwenye kompyuta. Alikwisha kula kiapo kwamba hakuna mwanafunzi wa hapa atakayemtia mkono mdomoni. Nikamwambia ukweli, maana sikuwa na kingine. Nikamwambia nisipopata mtu kabla ya adhuhuri nimekwisha.

Akanitazama kutoka juu hadi chini, kwa desturi. Akatazama kompyuta yake.

"Barua za kurudia mwaka nazipiga chapa mimi," akasema. "Sipendi kuzipiga."

Akafunga droo ya mihuri kwa ufunguo, akatia ufunguo mfukoni, akatangulia. Kwa sharti moja: yule mpiga mnada aje amshike mkono.

Profesa alipomwona kitini alisahau kabisa kupunguza sauti. Alimkumbusha kwamba kila mwaka akimwambia aje akaguliwe, humjibu meno yake ni ya urithi na hayaugui. Mama Mihuri akamjibu kwamba na yeye kila mwaka anaahidiwa kiti kipya cha ofisi. Wakapiga picha. Profesa akaitazama, akasema tundu ni dogo lakini si dogo sana, linafaa, nianze.

Nilichoma sindano ya ganzi. Mama Mihuri alikuwa na ulimi mwenye mamlaka. Ulikuja kukagua kila hatua. Na ingawa mdomo ulikuwa umejaa pamba na vifaa, hakuacha kunikumbusha, kwa sauti za kooni ambazo tulizielewa wote, kwamba sijarudisha ufunguo wa maabara niliouazima kwake. Mjomba alisimama kando amempa mkono wake, na kila mashine ilipolia Mama Mihuri aliubana kwa nguvu zote za ofisi. Nilitoboa, nikasafisha, nikaziba, nikachonga, nikalainisha. Kwa mara ya kwanza mwaka ule sikumfikiria Kunguru.

Halafu Profesa akaja na uzi. Huo uzi ndio mtihani wote. Anaupitisha kati ya jino ulilolitengeneza na jirani yake. Ukikatika, umeacha makali. Ukipita bila kugusa kitu, umeacha pengo, chakula kitakaa humo na umefeli. Unatakiwa ukatae kidogo, kisha ukubali. Akaushika kwa vidole viwili, akaushusha. Nilifumba macho.

Ulilia, tik, kidogo sana.

Akaurudia. Tik. Akanyoosha mgongo, hakugusa miwani, akasema nikanawe mikono, nimefaulu. Mama Mihuri akatoa pamba mdomoni, akauliza kama imekwisha, akaambiwa imekwisha, akasema kumbe siku zote amekuwa akiogopa kelele tu. Kisha akarudi ofisini akitembea wima, nusu ya uso wake imelala.

Wenzangu walinibeba. Tulipiga kelele koridoni, nikampigia mama simu, mama akapiga yowe, nikasikia na majirani nao wanauliza kuna nini. Akaniuliza kama mdogo wake alifika. Ndipo nilipogeuka kumtafuta.

Alikuwa amerudi kwenye benchi lake, peke yake. Tai ameilegeza. Ameegemeza lile shavu kwenye ukuta wa vigae kwa sababu vigae vina baridi, na machozi yanamtoka bila kelele, yeye mtu wa kelele. Nikachuchumaa mbele yake nikamuuliza limeanza kuuma lini. Akasema tangu wiki iliyopita, usiku halali. Nikamuuliza kwa nini hakunywa hata kidonge cha maumivu.

"Niliogopa," akasema. "Nikinywa dawa, tundu litafunga."

Maneno yote niliyomtupia asubuhi yalinirudia moja moja, nikamshika mkono, ule uliobanwa na Mama Mihuri, ukiwa bado na alama za kucha. Nilimwomba radhi. Akasema mtoto akikasirika si anakasirikia watu wake, angemkasirikia nani.

Nilimwendea daktari wa zamu wa kliniki ya dharura nikamwomba ruhusa. Akasema sawa, kiti cha mwisho kule dirishani, naye atakuja kusimamia. Nikamlaza Mjomba. Nikamvua koti la suti, nikalitundika vizuri. Nilimweleza kila kitu: nitamchoma sindano, nitafungua jino, nitatoa uchafu ulioko ndani, nitaweka dawa, na maumivu yataisha leo hii. Yeye alikuwa anatazama taa. Nikavuta sindano ya ganzi.

Akanizuia kwa kidole.

"Na hili langu," akauliza, "lina maksi ngapi?"

Nikamwambia halina maksi.

"Hata moja?"

"Hata moja, Mjomba."

Akafikiri kidogo, akanitazama, akafungua mdomo nianze.